Mtani wa Bibi Bluma

Saa moja asubuhi, theluji imeganda kwenye kingo za madirisha ya makao ya wazee kaskazini mwa Toronto, na Dorotea Komba anachovya kiwiko ndani ya beseni kupima maji. Shawa ipo ukutani, nzima kabisa. Haigusi.

"Sasa naosha mkono wa kushoto, Bibi Bluma," anasema, na ndipo anapouosha.

Mlango wameuacha wazi kidogo. Ndivyo wanavyoogeshwa hapa wazee waliopita katika kambi za Wanazi, ambako bafu za uongo zilitoa gesi ya kuua: maji hayatoki juu, mlango haufungwi, na hakuna linalofanyika kabla halijatajwa. Dorotea hakujifunza hilo darasani. Alijifunza kwa mzee mmoja aliyepiga kelele siku yake ya kwanza kazini, na hakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Ana miaka hamsini na mbili. Ni Mngoni wa Peramiho, Songea, anayeishi mtaa wa Malvern, Toronto, na binti yake Abigael, msichana anayeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Dorotea hupanda mabasi mawili kufika kazini, na Jumamosi anahudumia wazee wengine mji wa jirani, Pickering, maana mshahara mmoja hautoshi kodi na karo. Halalamiki. "Mgongo unalalamika kwa niaba yangu," anasema.

Bibi Bluma ana miaka themanini na minane. Alizaliwa Poland, na alitoka kambini peke yake katika familia nzima. Hamruhusu mtu mwingine yeyote amwogeshe. Dorotea akienda likizo, bibi huyu hukaa bila kuoga hadi arudi. Ndiyo maana Novemba iliyopita, mwaka 2013, ilikuwa mbaya sana kwa wote wawili.

Kila Alhamisi mchana Dorotea huwaonyesha wazee filamu ukumbini. Mzee Szymon, fundi cherehani mstaafu ambaye naye ni wa kambini, alimwomba filamu moja ya kuchekesha aliyosikia habari zake. Ni ya mfungwa wa kambi ya Wanazi, fundi wa nguo, anayewashonea walinzi suruali zinazopasuka kila wanapopiga saluti. Dorotea aliitafuta, akabandika tangazo kwamba wiki hiyo kuna komedi, basi. Hakusema komedi ya nini. Hakumuuliza mtu. Kwao msibani watu hucheka, na hakuna anayeomba ruhusa.

Suruali ya kwanza ilipopasuka, Mzee Szymon alicheka mpaka akaletewa maji. Wengine walisukuma viti vyao wakatoka. Bibi Bluma alikaa mpaka mwisho, mikono mapajani.

Kesho yake asubuhi alikaza mkanda wa gauni lake akasema leo hataki kuoga. Na siku iliyofuata. Na iliyofuata.

Msimamizi wao, Nilofar, mama wa Kiismaili aliyezaliwa Tanga, alimwita Dorotea ofisini. Alimgombeza kwa Kiswahili ili walio nje wasielewe. Watoto wa wakazi walikuwa wamepiga simu tangu asubuhi, wengine wakiuliza nani ana wazimu wa kuchekesha watu kwa mauaji ya Wayahudi. Filamu hiyo isionekane tena. Na kama Bibi Bluma hatakubali kuogeshwa kufikia mwisho wa wiki, Dorotea atahamishiwa ghorofa nyingine.

"Dada, ungeniuliza kwanza," Nilofar alimalizia, kwa sauti ya chini sasa. "Bibi huyu akikukataa wewe, ana nani?"

Mzee Szymon alipata habari akachukia. Alimwambia Dorotea kwamba kambini walicheka. Jioni waliwaiga walinzi, namna wanavyotembea, namna wanavyofoka, na waliocheka walilala vizuri kidogo. "Anayesema hatukucheka, hakuwepo," alisema. "Walichukua kila kitu changu. Kicheko sikuwapa."

Maneno hayo yalimfariji Dorotea, lakini Mzee Szymon siye aliyekuwa amekaa bila kuoga.

Baada ya zamu Dorotea alivua aproni akaenda chumbani kwa Bibi Bluma, akakaa. Hakujitetea. Alianza kueleza jinsi mama yake alivyozikwa Peramiho. Wahehe, ambao ni watani wa Wangoni tangu babu zao walipopigana wakapatana, walifika wakawasaidia kuchimba kaburi. Kisha mwanamke mmoja wao akavaa kanga ya marehemu, akatembea uani akichechemea kama yeye, akifokea kuku kama yeye. Mwingine akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Waliofiwa walicheka huku machozi yanatiririka.

Bibi Bluma alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao waliomwiga mama yako," akauliza, "walimfahamu?"

"Walimfahamu, Bibi. Walipika naye. Walizika naye."

"Basi. Mtu wa ile filamu hakumfahamu mama yangu. Na walinzi wale, wapumbavu wa kupasukiwa suruali. Waliomchukua mama yangu walikuwa nadhifu, Dori. Walijua kazi yao. Kama walikuwa wajinga kiasi kile, sisi tulikuwa nani hata tukashindwa?"

Dorotea aliuliza tu mama huyo alikuwa mtu wa namna gani.

Bibi Bluma akamwambia mama alikuwa hanunui kuku sokoni bila kumnusa chini ya bawa. Akainua mkono kama bawa, akapeleka pua kwapani, akakunja uso na kumtazama muuzaji asiyekuwepo. Dorotea aliangua kicheko kabla hajajizuia. Bibi Bluma alimtazama, kisha naye mabega yakaanza kutikisika.

"Kalete maji," akasema.

Leo, Nilofar akiwa ameridhia, filamu za aina hiyo huonyeshwa chumba kidogo cha juu, kwa anayeziomba mwenyewe, na Mzee Szymon anaziomba. Dorotea hasemi nani kati yao yuko sahihi. "Yeye ana haki ya kucheka, na Bibi ana haki ya kukataa. Kosa langu niliwaweka ukumbi mmoja bila kuwauliza," anasema. "Ila huyo anayetengeneza vichekesho vya msiba wa watu, mimi nataka kujua kwanza kama aliwahi kubeba jeneza."

Ana kazi mpya sasa, isiyo na mshahara. Bibi Bluma amemwagiza kwamba akifa, wakati familia imekaa matanga yao ya siku saba, Dorotea aende avae koti lake la kijani na kumwiga mbele ya watu wote. Amemwambia mwanawe asimzuie. Mwanawe, mhasibu mpole, aliuliza kama daktari amebadilisha dawa.

Dorotea amekubali, na anatumaini mazoezi yatachukua miaka mingi. Huyafanyia koridoni baada ya chai, koti likimbana kifuani, mwenye koti akimkagua kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi siinui kidevu namna hiyo."

"Unainua, Bibi."

Bibi Bluma anafikiri kidogo, kidevu juu.

"Basi inua zaidi."