Mwanamke Aliyeacha Kutwanga

Papa Rigobert Katongo amepiga shaba miaka thelathini na moja, na muda wote huo hakuna aliyemsikia akisema ana wazo. Mafundi wenzake wa njia ya Karavia walimheshimu kwa hilo. Ndiyo maana walimkabidhi boksi la patro za marehemu Fundi Mumba: karatasi ngumu ishirini na mbili zenye michoro, tembo, mtumbwi, mwanamke anayetwanga. Unalaza patro juu ya bamba la shaba, unafuatisha mistari, unapiga nyundo kwa nyuma mpaka tumbo la tembo litokeze. Kuchora kitu cha kichwa chako kulikuwa kumtukana marehemu.

Guelor, kijana aliyejifunza kwake, alisema wazi kwamba patro ni jela. Akapiga pikipiki, akapiga mwanaume anayefua nguo. Hakuna aliyenunua. Kisha mwezi wa sita akaleta mwanamke aliyesimama kinuni bila kutwanga, kidevu juu ya mchi, anaangalia pembeni tu. Mamadamu wa Golf, mtaa wa matajiri, waliigombania ile shaba. Mwalimu mmoja wa sanaa akaipiga picha, akasema haya ni mapinduzi.

Papa Rigobert aliitazama, akamtambua. Yule mwanamke alikuwa amemchora yeye mwenyewe kwenye karatasi, miaka miwili nyuma, akaificha nyuma ya kabati. Alimwonyesha Guelor, anayekula bukari kwake kila Jumapili, mara moja tu, kama mtu anayeonyesha jipu.

Jumamosi mafundi walikutana uani kwa Papa Rigobert. Papa Clément, mkubwa wao, alitaka Guelor afukuzwe: mwanamke wa Fundi Mumba anatwanga, huyu ni mvivu. Mtunza boksi atoe neno. Papa Rigobert alijua akinyamaza, kijana ataondoka na sifa zote. Akisema, boksi litampotea.

"Ile haiko ya Guelor," akasema. "Miye njo nilichora."

Walicheka kwa adabu. Papa Clément akamwambia ana roho nzuri, ila kumfichia mutoto makosa haifai.

"Papa, usinitetee," Guelor akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Papa Rigobert akaeleza kwamba alimchora mke wake, Mama Brigitte, siku moja alipopumzika. Mke akaitwa. Alikuja akipangusa mikono, akaangalia ile shaba.

"Kupumzika? Miye? Siku gani?" Akarudi jikoni.

Ikabaki karatasi yenyewe. Papa Rigobert akaileta, imekunjika, imeingia manjano, na Guelor akaanza kuangalia viatu vyake. Papa Clément aliigeuza, akainusa.

"Karatasi ya zamani, tena kwa mutunza boksi," akasema. "Basi ni ya Fundi Mumba. Kintu kizuri namna hii, nani mwingine angeweza?"

Wote wakakubali. Guelor akasamehewa, maana kumbe alifuata patro kama wengine. Papa Rigobert akapewa biki aandike jina la marehemu nyuma ya karatasi.

Aliandika: Mumba. Alipofungua boksi aiweke, akageuza zile nyingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Zote zilikuwa zimeandikwa Mumba, kwa miandiko kama minane. Ule wa nyuma ya tembo aliujua vizuri, ulikuwa wa Papa Clément.

Akainua macho. Mzee alikuwa anamtazama.

"Funika boksi, Rigo," akasema.