Namba Aliyoifunga Yeshimebet

Kila asubuhi, kabla maji ya kahawa hayajachemka, Yeshimebet hukaa kwenye kigoda chake akafuta jumbe za simu kama mtu anayetoa mawe kwenye dengu. Umeshinda gari. Futa. Chagua wimbo wa kuwasikilizisha wanaokupigia. Futa. Godoro lisilobonyea, bei ya leo tu. Futa. Majirani zake pale Debre Birhan, mji wa milimani, hulaani jumbe hizo kwa sauti, mpaka barabarani. Yeye hunyamaza. Maana, msikilizaji wangu, mwizi wa kuku akiitwa sokoni, mwenye manyoya kwapani hapazi sauti.

Alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja, na barua yake haikuwahi kurudishwa kwa kosa. Alipostaafu, mtaa ukamfanya katibu wa idiri, chama chao cha kuzikana. Kule mtu hazikwi na ndugu zake peke yao. Akifa mwanachama, alfajiri mpuliza tarumbeta hupita vichochoroni akitaja jina la marehemu, na jua likianza kupasha kuta moto, wanaume wameshatoa hema na mabenchi stoo, wanawake wameshabandika sufuria la ngano na maharage. Asiyefika hutozwa faini. Lakini faini mtu hulipa akasahau. Kuulizwa ulikuwa wapi, hilo halisahauliki.

Mpuliza tarumbeta alikuwa mzee Belihu, Gashe kama kule wanavyowaita wazee kwa heshima, mwenye kifua kibovu, na baridi ya alfajiri kule haina huruma. Yeshimebet alimhurumia. Na tuseme kweli yote: alipenda pia kuonekana mtu wa kisasa. Akasimama kikaoni.

"Jamani, tutumie simu. Ujumbe mmoja tu, na watu wote mia moja thelathini na sita wamepata habari."

"Nani atausoma?" Gashe Belihu akauliza.

"Kila mtu ana simu, Gashe."

"Kila mtu ana mlango pia. Ndiyo maana napuliza, kwa sababu wengine hawafungui."

Watu wakacheka, halafu wakamkubalia Yeshimebet. Tarumbeta likatundikwa stoo pamoja na vyuma vya hema.

Karibu na stendi ya mabasi palikuwa na kiofisi, na ndani yake kijana mwenye tai. Kazi ya kutuma jumbe, alisema, angeifanya bure kabisa, mama alete tu orodha ya namba. Yeshimebet akaipiga chapa mwenyewe, jina kwa jina, safi kama mtihani wa taifa. Kisha akapewa karatasi nne za kutia saini, herufi zake ndogo kama ufuta. Yeye aliyewakemea walimu wazima kwa kutia saini wasichokisoma, alitia saini bila kusoma, kwa sababu kijana alikuwa anamtazama na yeye hakutaka kutoa miwani mkobani.

Tangazo la kwanza lilikuwa la kikao. Aliliandika kwenye simu yake, namba fupi ya tarakimu nne ikalisambaza, na watu wakafika wote. Wakamsifu. Wiki mbili baadaye, namba ileile ikaanza kuuza magodoro.

Msimu mzima wa mvua hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, wala hakukuwa na kikao kingine. Watu wakasahau kwamba namba ile ndiyo sauti ya idiri. Wakaijua kwa magodoro, bahati nasibu na mikopo. Yeshimebet peke yake hakusahau. Alirudi stendi, kiofisi kilikuwa kimeshageuka duka la viatu. Akaijibu namba kwa neno moja: acha. Ikamshukuru kwa kujiunga.

Siku moja wanawake wanane, Yeshimebet mmoja wao, walikaa kwa Aselefech, shoga yake wa miaka mingi, wakinywa kahawa. Simu ya Aselefech ikalia.

"Haya, gari langu jingine hilo," akasema. "Jana nimewajibu, leteni na dereva, awe kijana kidogo."

"Na mumeo Zergaw umpeleke wapi?" mmoja akamtania.

"Akae nyuma, si anapenda kupumzika." Wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Kisha Aselefech akamsogezea Yeshimebet simu. "Yeshiye, wewe ndiye msomi wetu. Nifungie hii namba, imenichosha. Sijui nani mshenzi kawapa namba zetu."

Palepale palikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja tu: mimi ndiye, na namba hiyo ni ya idiri. Sentensi ikafika kooni ikakutana na neno lile, mshenzi, ikarudi. Yeshimebet akachukua simu akaifunga namba. Wa pili akaleta yake, na wa tatu. Aliifunga kwenye simu saba kabla ya kikombe cha pili, na wote walimwombea heri. Jioni kila mmoja akamwonyesha mumewe namna ya kuifunga, na mume akamwonyesha jirani.

Zergaw alifariki mwezi uliofuata, hospitalini. Alikuwa seremala, mtu mwema lakini mbishi, na mwaka ule alikuwa amegombana na nusu ya mtaa juu ya mfereji wa maji machafu. Alfajiri mdogo wake alikuja kumgongea katibu. Yeshimebet akatuma ujumbe kupitia namba ileile fupi. Akatuma tena. Akatuma mara ya tatu, huku akijiambia kwamba saba si wengi.

Walifika watu kumi na mmoja.

Hema halikusimamishwa, maana vyuma vyake vinataka wanaume ishirini. Jeneza lilipandishwa kilimani kuelekea kanisani bila wa kupokezana, na Gashe Belihu, na kifua chake kile, akashika pembe moja. Alikuwa ameona watu wakitoka kwa Zergaw, akauliza, akafuata. Aselefech alitembea na netela yake, shuka jeupe jepesi, kaifunga kwa namna ya msiba, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Mwisho akasema, si kwa kulia, "Kumbe mtaa mzima walikuwa wanamchukia."

Yeshimebet alikuwa amemshika mkono. Akaendelea kupanda naye.

Habari ilipoenea, watu walikuja mbio, wengine na mitandio kichwani upande. "Hatukuambiwa," wakasema. Aselefech akawaambia mlango uko wazi, waende. Kutuma ametuma katibu mwenyewe, mara tatu. Ya nini kumsingizia? Akaacha kwenda kisimani wanakokwenda wenzake. Akaanza kusema atauza nyumba, arudi kwa dada yake, kwa sababu hawezi kuishi na watu waliomwacha mume wake apande kilima peke yake.

Ndipo Yeshimebet akaona kwamba kimya chake kimeanza kula nyumba ya mtu. Jumapili ya kikao, mwenyekiti alipokuwa anasoma majina ya wasiofika mazikoni, zaidi ya mia, akasimama.

"Usiwatoze," akasema. "Ile namba ya magodoro ndiyo namba ya idiri, na waliifunga. Namba zenu nilizitoa mimi, kwa karatasi nisiyoisoma. Nikajua, nikanyamaza. Na wengine humu niliwafungia kwa mkono wangu."

Hakuna aliyemtukana. Hilo lilimuumiza zaidi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Aselefech akaitazama simu iliyo mapajani mwake.

"Kwa hiyo hawakumchukia," akasema.

"Hapana."

"Na mimi nilikushukuru." Akainuka akatoka.

Ilipokaribia siku ya arobaini, Yeshimebet alikwenda kwa Gashe Belihu kumwomba alichukue tena tarumbeta. Mzee akakohoa, akacheka kidogo.

"Tarumbeta ni la kifo, binti yangu. Arobaini haipulizwi. Hii itakubidi utumie mdomo."

Akautumia. Siku tatu alizunguka mtaa, mlango kwa mlango, orodha nzima, na kwenye kila mlango aliyasema yote mwanzo mpaka mwisho: nilifanya hivi, Zergaw anaombewa Jumamosi, njooni. Wengine walimkaribisha chai. Wengine walimsikiliza mlango ukiwa nusu. Mwanamke mmoja alimpa simu yake, "Haya, basi nifungulie ulichokifunga," naye akaifungua.

Jumamosi hema lilisimama, na mabenchi hayakutosha. Aselefech alizunguka na birika la kahawa mwenyewe. Alipomfikia Yeshimebet, alimmiminia kikombe cha kwanza, bila kumtazama. Cha pili pia. Kilipofika kikombe cha tatu, kile cha mwisho, cha baraka, birika lilimpita likaenda kwa mtu wa pembeni.

Yeshimebet alibaki ameshika kikombe kitupu. Hakuondoka. Watu walipotawanyika, akakusanya vikombe, akachuchumaa karibu na beseni, akaanza kuosha.