Watoto Watatu Wasio na Jina

"Basi hao watoto watatu umewapeleka wapi?" Bi Mwanafatuma aliuliza, kidole kikiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Jana walikuwa hapa. Nimewapokea kwa mikono hii, sikuwaota."

Munyoki, fundi aliyetoka Ukunda kuweka mfumo mpya, alijikuna shingo. "Mama, programu yako ya zamani imeondolewa. Si mimi niliyeiondoa."

"Nani basi? Jini?"

Akamweleza. Mfumo huo wa kompyuta ulikuwa wa bure, unatengenezwa na watu wa nchi nyingi, na yeyote aliruhusiwa kuufungua ndani na kuurekebisha. Aliyeitunza programu ile amestaafu, hakuna aliyeshika nafasi yake, wenzake wakaamua kuitoa na kuweka nyingine mpya.

Bi Mwanafatuma akaondoa kidole kiooni. Mwaka huo wa 1998 yeye naye alikuwa ameambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba kuanzia mwakani wakunga wa nyumbani wasizalishe tena, wawasindikize wenye mimba hospitali tu. Miaka thelathini alikuwa amezalisha nusu ya Msambweni. Kwenye uzee wake akajifunza kompyuta ya kikundi cha wanawake, kwa kidole kimoja, aorodheshe kila aliyemzalisha, ili mtoto akitafutiwa cheti cha kuzaliwa asikose shahidi. Kazi ya mikono ilikuwa inamtoka. Orodha ile ndiyo ingebaki.

"Hawana majina," Munyoki alisema baada ya kuchungulia. "Programu mpya haikubali mtoto asiye na jina. Imewaruka."

"Mtoto wa siku nne atakuwa na jina gani? Jina ni siku ya saba."

"Ungeandika lolote tu."

"Lolote mpe mbuzi wako. Ndulu, binti yako, alikaa humu siku tatu mahali pake pakiwa wazi, mpaka mama yako akafika kutoka bara kumpa jina. Nilikuharakisha?"

Munyoki akainamisha kichwa. Ndulu alizaliwa mikononi mwa mama huyu, na leso ya kumshukuru mkunga aliyoiahidi siku ile, mwaka wa tatu huu, hakuwa ameileta.

Akavuta kiti. Alikuwa na nakala ya orodha kwenye diski, kwa hiyo watoto hawakuwa wamepotea; kazi ilikuwa kuifungua programu mpya na kutafuta pale inapowafukuza wasio na jina. Kufikia alasiri akapaona mahali hapo, akapafuta. Mistari mitatu ikarudi: jina la mama, siku, na nafasi wazi.

"Ile ya zamani siwezi kuirudisha, mama. Lakini hii itangoja."

"Siku ngapi?"

"Hata arubaini. Na marekebisho haya nitawatumia wanaoutengeneza mfumo. Huenda kuna kwingine watoto wanasubiri majina."

Bi Mwanafatuma alisogeza uso karibu na kioo. "Basi iache. Ya zamani ilikuwa na herufi ndogo, ikiniumiza macho."

Ijumaa Munyoki akarudi na kifurushi. "Shikamoo, mama. Ni ile ya Ndulu."

"Marahaba. Imekawia." Akaikunjua leso, akakagua rangi zake kama anayetaka kuirudisha dukani, kisha akachukua mkasi, akaikata katikati, vipande viwili, kama leso zinavyokatwa. Kimoja akajitupia begani. Cha pili akakikunja vizuri, akampa.

"Hiki ajifunike Ndulu. Mwambie, bibi aliyempokea hamdai tena baba yake."