Rimoti ya Masikio ya Mama

Nilizima masikio ya mama yangu mbele ya mwalimu, tena kwa makusudi.

Mama amepandikizwa kifaa cha kusikia, na sauti ya kifaa hicho huongezwa au kupunguzwa kwa rimoti ndogo ninayomtunzia. Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa darasa alipomsogelea, nikabonyeza rimoti mfukoni hadi kimya. Nilijua ataleta habari gani: nilikuwa nimemdanganya mwalimu huyo kwamba bibi mzaa mama amefariki, kumbe nilikwenda mpirani.

“Poleni sana na msiba wa bibi,” mwalimu akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa tu. Nikacheka moyoni hadi getini, bingwa mimi!

Hapo mama akanigeukia. “Ng'wana wane, mwanangu, kabla ya kifaa hiki nilisoma midomo ya watu miaka kumi. Lete baiskeli twende Nkololo, ukamweleze mama yangu kwamba ulishamzika.”