Harusi ya Watu Ndani ya Kompyuta Yangu

Fundi aliniambia diski ya kompyuta yangu imechoka, tuibadilishe. Nikamwambia sawa, lakini kuna video moja ambayo lazima ihamishwe kwanza. Mengine akitaka ayatupe. Akaitikia kwa kichwa huku anatafuta bisibisi yake. Kuitikia kwa kichwa ni kazi rahisi.

Video yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alijirekodi akiongea na mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa bado tumboni mwangu. Alimsemesha Kinande, lugha ya kwao, kwa sababu mimi ni wa upande wa Bukavu na kwangu mtoto asingekipata. Simu aliyorekodia alinyang'anywa kwenye njia ya Sake, naye akafariki kabla binti hajazaliwa. Kwa hiyo sauti ya baba yake ilikuwa ndani ya kompyuta ile tu, na Jumapili baada ya misa tulikuwa tunaifungua.

Niliporudi nyumbani Mabanga na kuiwasha, nilikuta diski imegawanyika: palipokuwa na sehemu moja sasa zilikuwa nne. Nikafurahi kama mjinga, nikidhani fundi amenipangia vitu vyangu. Binti akasogeza kiti. Sehemu ya kwanza haikuwa na kitu chetu. Ya pili ilikuwa na video ya harusi. Bibi harusi simjui, shangazi zake siwajui, ng'ombe wa mahari wamesimama kando ya shamba la viazi, kule Kibumba nadhani. Tulifungua zote. Ubatizo wa watu, kisha harusi tena. Binti, aliyekuwa anamngoja baba yake, akauliza, "Papa iko wapi?"

Nilimrudia fundi kwa hasira. Akakiri kwamba diski aliyoniuzia kama mpya aliitoa kwenye kompyuta ya watu, akasafisha sehemu moja ya kuwekea programu, zilizobaki akazisahau. Nikamuuliza ya kwangu iko wapi.

"Copie ilikataa, mama. Na disque ya zamani inabakiaka kwa fundi, njo maana nilikupunguzia bei."

Hiyo ni kweli, ndiyo desturi yetu hapa Goma. Iwe betri, iwe taa ya pikipiki, kifaa kikibadilishwa, cha zamani hakirudi kwa mwenyewe, na hakuna anayeuliza.

"Nilishaiuzisha kwa mutu wa Mugunga," akaendelea. "Lakini usiogope, niliifomatisha yote, nikafuta kila kitu. Hakuna mutu ataona mambo yako."

Alisema hivyo kunituliza! Ilikataa kunakiliwa, lakini kuuzwa haikukataa. Uvivu wake umetunza harusi ya watu nisiowajua, halafu siku alipoamua kufanya kazi sawasawa, akaanza na ya kwangu. Sijamsamehe, wala sina mpango huo.

"Ulete machine kesho," akasema, "nikufutie ile mambo ya watu, upate nafasi."

"Nafasi ya kuweka nini, fundi?" nikamuuliza.