Siku Nilipoiita Kazi ya Baba Mambo ya Kale

Baba yangu alikuwa mhunzi wa majembe, upande wa Geita, si mbali na Rwamgasa. Nyumbani tulisema Kizinza. Kiswahili nilikipata shuleni, na kwa hicho Kiswahili nikaajiriwa kuwa mkalimani katika boma la Shinyanga, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Baba alijivunia kazi yangu kuliko mimi mwenyewe, ingawa Kiswahili alichokijua kilikuwa cha sokoni tu.

Bwana shauri niliyemfuata safarini, afisa wa serikali ya Waingereza, alikuwa kijana, na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Hakuridhika na neno la karibu karibu. Siku moja ndani ya lori, vumbi limetujaa mdomoni, aliniuliza tofauti ya kuukuu na chakavu. Nikamwambia shati langu ni kuukuu kwa sababu limekaa miaka mingi, na likichanika viwikoni litakuwa chakavu. Mkongwe ni aliyezeeka sana, awe mtu au mti.

"Na kale?"

"Kale ni ya watu waliokwisha kupita, bwana."

Akaandika kwenye daftari lake. Nilijiona mwalimu.

Safari ile, iliyotufikisha mpaka upande wa kwetu, alikuwa akikusanya vitu vya wenyeji viwekwe kabatini mjini, watu wavitazame. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba baba yangu ni mhunzi. Hakuwa ameniuliza.

Tulimkuta baba kibandani peke yake. Majembe ya dukani yalikuwa yameenea na wateja wake walibaki wachache, lakini moto ulikuwa unawaka. Alikuwa akinoa shoka la jirani. Nilimwamkia. Akaitikia, akafuta mikono ili amsalimu mgeni. Bwana shauri akaitazama mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, jiwe la kufulia chuma, na koleo ambalo baba aliachiwa na babu. Alivigusa kimoja kimoja kwa adabu. Kisha akanigeukia, penseli mkononi.

"Niandike nini? Vitu chakavu?"

"Hapana, bwana. Andika vitu vya kale."

Baba akaniuliza kwa lugha yetu, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni vitu vya watu wa zamani. Anataka kuvichukua, vitunzwe mjini."

"Watu gani wa zamani? Moto huu nimeuwasha mimi asubuhi hii."

Bwana shauri akauliza mzee anasemaje.

"Anasema amekubali," nikasema.

Neno hilo lipo hata sokoni. Baba alilielewa. Alinitazama, nami nikatazama penseli. Angeweza kutikisa kichwa na mambo yakaishia hapo, lakini asingemfanya mwanawe kuwa mwongo mbele ya mtu wa serikali. Akaifungua mivukuto yeye mwenyewe, akaifunga kwa kamba, akaipeleka kwenye lori. Alipewa blanketi. Alishukuru.

Mama alinisimulia yaliyofuata. Ngozi za mbuzi hazikukosekana, na yeye alimsihi baba atengeneze mivukuto mingine. Hakutengeneza. Shoka la jirani lilirudishwa halijamalizika. Baadaye alikwenda kwa miguu mpaka kwenye mgodi wa dhahabu kuomba kazi ya kunoa vyuma vya kuchorongea mawe. Msimamizi hata hakumwangalia mikono. Alimwambia akapumzike kwake, amekuwa mkongwe. Baba aliporudi alimuuliza mama maana ya neno hilo, na mama naye hakulijua.

Nilipopata likizo mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Nilimkuta baba amekaa nje ya kibanda, paa limeanguka upande mmoja. Nikamwamkia kwa lugha yetu, kama mtoto anavyomwamkia babaye.

"Karibu, bwana," akanijibu kwa Kiswahili. "Habari ya safari?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia kwa Kizinza kwamba nilikosea siku ile, nilitaka bwana yule anione mjuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna neno, bwana. Keti."

Likizo yote alisema nami hivyo, kwa maneno yake machache ya sokoni, akiyatafuta kwa shida, huku mama na majirani akiwasemesha kama kawaida. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka njiapanda, akanitakia safari njema kwa Kiswahili. Alifariki kabla sijapata likizo nyingine.