Povu la Kisahani cha Damu

Ungempitia Seline Apondi pale maabara saa sita mchana, ungedhani amelala macho wazi. Wenzake walishamzoea. "Umeenda kwenu Ahero tena?" Vincent, wa meza moja naye, humtania, naye hutabasamu tu, kisahani mkononi, mvua ya Eldoret ikinong'ona juu ya mabati.

Siku hiyo kisahani kilikuwa cha jeli iliyochanganywa na damu ya kondoo, na juu yake walikuwa wameota bakteria waliotoka katika damu ya Mama Nyakio. Huyu ndiye mwenye duka wa mtaa wa Huruma aliyemchukua Seline akiwa na miaka saba, mamake mzazi alipofariki katika chumba cha jirani. Mtoto wa ziwani akalelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe ya kina Mama Nyakio, akarefuka mpaka akawa anainama mlangoni mwa duka. Sasa Mama Nyakio alikuwa wodini wiki ya pili, homa imekataa kushuka, na daktari alingoja jina la mdudu ndipo achague dawa ifaayo. Dawa inayoua mmoja haimtikisi mwingine.

Kwa darubini bakteria walionekana wamelundikana tu, hawajulikani ni wa ukoo gani. Seline akachota kidogo, akadondoshea hidrojeni peroksaidi: povu likitoka, ni ukoo wa staph; lisipotoka, ni mwingine. Povu likatoka.

"Bubbles ziko," Vincent akasema. "Andika staph, tupigie daktari."

Lakini povu lenyewe lilikuwa vivu. Lilipanda polepole, kama uji usiotaka kuchemka, na Seline akazama humo. Hakugusa damu ya kondoo, ambayo nayo hutoa povu; alichota juu juu. Basi povu ni la mdudu mwenyewe. Kwa mbali likamjia somo la chuo: wapo bakteria wasioweza kujitengenezea heme, ile chembe yenye chuma inayoipa damu wekundu. Wakiikuta walipo huiokota, wakaundia kimeng'enya cha kutoa povu, wakadhaniwa ni wa ukoo mwingine. Wakiikosa, povu hakuna.

"Naotesha upya kwa plate haina damu," akasema. "Tungoje kesho."

"Kesho? Na mathe akizidiwa?"

Seline aliogopa, tena sana. Akampigia daktari kumwomba angoje, kisha jioni akatembea mpaka nyumbani kwake mtaa wa Pioneer bila kuona njia. Alijiona ndani ya damu, katika ukumbi mwekundu wenye joto, na vijitu vidogo vikiokota chuma sakafuni vikijijenga bila haraka.

Asubuhi akadondosha tone kwenye kisahani kipya. Kimya, hakuna povu. Akahesabu hadi ishirini. Kimya bado: si staph. Machozi yakamtoka palepale, na Vincent akajifanya anatafuta kalamu.

Dawa ilibadilishwa siku hiyohiyo. Siku ya nne homa ikashuka, na Mama Nyakio akaketi kitandani akitaka kuelezwa.

"Ni kadudu gani hako kalikuwa kananimaliza?"

"Kadudu hakawezi kujitengenezea kila kitu, Mama. Kakipata damu kanachukua huko, kanapata nguvu, mpaka watu wanadhani ni kengine."

Mama Nyakio akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, urefu wote ule.

"Kama wewe tu," akasema, akicheka kwa taabu. "Na leo umekula?"

Seline alikuwa hajala. Kabla hajapata la kusema, sahani ya hospitali ilikuwa tayari imesukumwa upande wake.